Nembo Si Asili: Acheni Kubandua Lebo za Kibodi Kuukuu

Leo nimeamka na hasira kidogo, kwa hivyo mtanivumilia.

Kuna tabia imezidi katika biashara ya tarakilishi za mitumba, na wanaoiendeleza si wauzaji peke yao. Wanunuzi nao wamo. Mtu akipata kibodi ya zamani, zile nzito ambazo ukizicharaza jirani anajua unaandika barua, jambo la kwanza analofanya ni kuisugua kwa thina. Lebo iliyo chini imechakaa na kugeuka kahawia, basi anaibandua. Akimaliza anapuliza rangi nyeusi juu hadi chini, anaacha nembo ya mbele iking'aa, kisha anaandika tangazo: "IBM orijino, kutoka Marekani." Anaitisha Sh8,000.

Nami nauliza: Marekani ipi? Umejuaje? Karatasi ya kuzaliwa umeitia kwenye pipa la taka na unachonionyesha ni fulana aliyovaa mtoto.

Tuanze na IBM kwa sababu ndiyo kila mtu anaidai. Kibodi inayosakwa zaidi ni ile iitwayo Model M, iliyoanza kuuzwa na tarakilishi za kampuni hiyo katikati ya miaka ya 80. Chini ya kila kitufe kuna springi ndogo iliyosimama wima. Ukibonyeza, springi inavumilia, inavumilia, halafu ghafla inapinda kiunoni, inasukuma kipande cha plastiki chini yake, na kipande hicho kinagonga utando wenye njia za umeme. Ule mlio unaousikia ni wa springi kupinda. Si mlio wa kitufe kufika chini. Hataza ya wazo hilo la springi inayopinda ilitolewa Marekani mwaka 1978 kwa jina la Richard Harris, mhandisi wa IBM, na kibodi za kwanza kulitumia, familia ya Model F, hazikuwa na utando. Zilipima badiliko la umeme kwenye bao la saketi. Model M ilikuja na utando kwa sababu ni rahisi zaidi kutengeneza. Kwa hivyo hata hiyo "orijino" unayoisifu ilikuwa njia ya kubana matumizi! (Naipenda hata hivyo. Hii ninayoandikia ni mojawapo.)

Sasa, zilitengenezwa wapi? Nyingi zilitoka Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Lakini nyingine zilitoka Greenock, Scotland, kiwanda kilichohudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na sisi huku Afrika. Nyingine zilitoka Guadalajara, Mexico. Kisha mwaka 1991 IBM ikaachana na kitengo cha Lexington, kikawa kampuni nyingine kabisa iitwayo Lexmark. Wafanyakazi wakawa wale wale na mashine zile zile, nembo ya mbele ikabaki IBM, ila mwajiri si IBM tena. Mwaka 1996 Lexmark nayo ikachoka na kibodi, na kazi ikachukuliwa na kampuni ndogo ya hapo hapo Lexington, Unicomp, ambayo imeendelea kutengeneza kibodi za springi hizo hizo katika karne hii.

Hesabu mwenyewe. Kibodi mbili zinazofanana kama mapacha, zote zimeandikwa IBM mbele, moja inaweza kuwa ya Scotland ya mwaka 1988 na nyingine ya Lexmark ya mwaka 1994. Nembo haitakuambia hata siku moja. Lebo ya chini itakuambia kwa sekunde tano. Ina nambari ya aina, ina nambari ya mfululizo, ina tarehe ya kutengenezwa na jina la aliyetengeneza. Nambari 1391401 ni ile ya kawaida ya vitufe 101 kwa Kiingereza cha Marekani. Nambari 1391406 ni dada yake wa Uingereza, mwenye kitufe kikubwa cha Enter na alama ya pauni juu ya 3. Ukiona imeandikwa kwamba imetengenezwa na Lexmark kwa ajili ya IBM, basi umejua ni ya baada ya Machi 1991, na hakuna wa kukubishia.

Hapa nikae kidogo na Greenock, maana watu wa huku tunaisahau na huenda ndiyo iliyotuhudumia zaidi ya Kentucky. Kiwanda kile kilikuwa kikubwa kiasi cha kupewa kituo chake cha reli mwaka 1978, na kituo kikaitwa IBM. Ndiyo, stesheni ya treni yenye jina la kampuni ya tarakilishi. Kazi zilipokwisha, abiria wakaisha, na mwaka 2018 treni zikaacha kusimama pale. Majengo ya kiwanda yamebomolewa. Sasa mtu ana kibodi iliyofungwa kwa mkono wa mama fulani wa Greenock aliyeshuka kwenye treni ile asubuhi, na kitu pekee kinachounganisha kibodi hiyo na mahali pale ni karatasi ya ukubwa wa stempu chache, naye anaikwangua kwa kucha kwa sababu "inaharibu sura." Jamani!

Najua kuna msomaji anayesema: wewe mwandishi, kibodi ni kibodi bora inaandika. Sawa. Basi tuzungumze mambo ya mfukoni na ya kazi.

Mwezi jana nilipita kwenye kibanda kimoja cha vifaa vya elektroniki mjini Nairobi. Mwenye kibanda, mzee mmoja mchangamfu, alikuwa na sanduku lenye kibodi sita zilizopakwa rangi nyeusi ya kupuliza, zote na plagi ile kubwa ya duara yenye pini tano.

"Kijana, hizo zimekufa," akaniambia. "Nimejaribu zote kwa mashine ya zamani, haziandiki hata herufi moja. Zinangoja mtu wa kuyeyusha plastiki."

"Zilikuwa na lebo chini, mzee?"

"Zilikuwa chafu. Mtoto wangu alizitoa."

Nilizichukua zote sita kwa bei ya chai na mandazi. Na sasa wale wanaopenda programu wasogee karibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Tarakilishi ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 na ile iitwayo XT zilizungumza na kibodi kwa lugha moja. Mwaka 1984 ilipokuja AT, lugha ikabadilishwa, lakini plagi haikubadilishwa. Soma tena sentensi hiyo. Plagi ile ile, pini zile zile tano, lugha mbili zisizoelewana. Kwa lugha ya XT, kibodi inatuma biti nane na alama ya kuanza, hakuna ukaguzi wowote. Ukibonyeza A inatuma 1E, ukiachilia inatuma 9E, yaani nambari ile ile na biti ya juu kabisa imewashwa. Kwa lugha ya AT kila kifurushi kina biti kumi na moja: ya kuanza, nane za ujumbe, moja ya kukagua makosa na moja ya kumaliza. A ni 1C, na ukiachilia inatuma F0 kisha 1C. Tena AT inaruhusu tarakilishi kuijibu kibodi, kwa mfano kuwasha taa ya herufi kubwa. Ukichomeka kibodi ya XT kwenye mashine ya AT, plagi inaingia bila shida, umeme unapita, halafu kimya. Haijafa. Inasema Kigiriki kwa mtu anayejua Kichina.

Niliunganisha waya zao kwa mikrokontrola ndogo ya bei nafuu, nikapakia programu huria ya kubadilisha lugha hizo kuwa USB (mradi wa QMK una vigeuzi vya namna hiyo, na ukitaka kuandika chako mwenyewe ni kazi ya jioni moja), nikaanza kubonyeza. Mbili kati ya zile sita zilijibu mara moja kwa XT. Nzima kabisa! Zile nne zilikuwa na kisa cha kuchekesha na kukasirisha pamoja. Watengenezaji wengi wa miaka ile, wakijua soko lina mashine za aina zote mbili, waliweka swichi ndogo chini ya kibodi: upande mmoja X, upande wa pili A. Nne zile zilikuwa na swichi hiyo. Ilikuwa imekaa kwenye X, na rangi ya kupuliza ilikuwa imeigandisha pale kama saruji. Maandishi ya X na A yalikuwa chini ya rangi. Nikakwangua kwa ncha ya kisu, nikasukuma, zikafanya kazi kwenye mashine ile ile ya zamani.

Kibodi sita nzima. Zilihukumiwa kuyeyushwa kwa sababu mtu alitaka zionekane mpya.

Basi, ni za nani? Hapo ndipo nilipolipa gharama ya thina ya watu wengine. Nembo za mbele zilikuwa za makampuni mawili yaliyokuwa yakiunganisha tarakilishi na kuziuza kwa jina lao. Makampuni kama hayo hayakuwa na kiwanda cha kibodi, yalinunua na kubandika jina. Lakini moja ilikuwa na nusu ya lebo iliyosalia chini ya mguu wa kuinulia, na juu yake nikasoma herufi za kwanza za nambari ya FCC. Msomaji, hii ndiyo siri kubwa ya kazi hii, na ni bure. FCC ni tume ya mawasiliano ya Marekani. Katika miaka ya 80 kifaa cha tarakilishi kilichouzwa kule kilipaswa kuidhinishwa ili kisivuruge redio na televisheni za watu, na kila aliyeomba idhini alipewa namba yake. Katika vifaa vya enzi hizo herufi tatu za kwanza ndizo jina la mwombaji, na orodha ya majina hayo iko wazi kwa umma mtandaoni. Lebo yangu ilianza na E8H. Hiyo ni Chicony ya Taiwan. Ingeanza na CIG ingekuwa Key Tronic ya Spokane, jimbo la Washington, ambao walitengeneza kibodi za makampuni chungu nzima, hata ile ya Apple Lisa ya mwaka 1983. Herufi tatu tu! Lakini zimechapishwa kwenye lebo, na lebo ndiyo ya kwanza kubanduliwa.

Tahadhari moja: mwombaji wa idhini si lazima awe ndiye mwenye kiwanda. Wakati mwingine kampuni yenye nembo iliomba kwa jina lake yenyewe. Ndiyo maana husomi alama moja na kuondoka. Unasoma zote na kuziuliza kama zinakubaliana.

Zile tano zisizo na lebo nilizifungua. Ndani kuna bao la saketi, na kwenye bao kuna chipu, na kwenye chipu kuna tarakimu nne zinazosema mwaka na wiki. 8832 ni wiki ya 32 ya mwaka 1988. Rahisi, sivyo? Subiri. Nimeona mtu akitangaza kwa kishindo kwamba kibodi yake ni ya Desemba 1987 kwa sababu chipu imeandikwa 8749. Ndugu yangu, 8749 ni jina la chipu yenyewe! Ni ya familia ya Intel 8048, na 8048 ndiyo iliyokuwa ndani ya kibodi ya IBM ya mwaka 1981, ikawa kawaida kuikuta hiyo na ndugu zake ndani ya kibodi za miaka ile. Tarehe iko mstari mwingine, kwa maandishi madogo zaidi. Na hata ukiipata, inakuambia jambo moja tu, kwamba kibodi haikutengenezwa kabla ya wiki hiyo. Chipu inaweza kukaa stoo miezi mingi. Sisi tunaoandika programu tungeiita kikomo cha chini. Chukua chipu zote, tafuta iliyo changa zaidi, hicho ndicho kikomo chako, mradi uwe umehakikisha kwamba lehemu yake haijaguswa na fundi baadaye. Wengine wanaona tarehe ya kwanza, wanaipenda, wanaiandika kwenye tangazo.

Niwageukie sasa wale wa "Ujerumani." Kila kibodi ambayo ukiondoa kitufe unaona msalaba mdogo wa plastiki, wao wanasema ni Cherry, na ikiwa ni Cherry basi ni ya Ujerumani, na ikiwa ni ya Ujerumani bei inapanda kama Benz. Makosa matatu katika pumzi moja. Cherry ilianzishwa na Walter Cherry mwaka 1953 huko Highland Park, Illinois, Marekani. Ujerumani ilifika mwaka 1967, na jina la mji wa Auerbach likaja kuwa maarufu baadaye. Pili, swichi ya Cherry iliuzwa kwa yeyote aliyetaka kutengeneza kibodi, kwa hivyo swichi ikiwa ya Auerbach haina maana kwamba kibodi ilifungwa huko. Tatu, huo msalaba leo unatengenezwa na viwanda vingi vya China, kihalali kabisa, kwa sababu hataza za miaka ya 80 zilikwisha muda. Ukitaka kusema swichi ni ya Cherry, tafuta jina Cherry kwenye swichi. Sitaki kusikia habari za msalaba.

Mpangilio wa herufi nao unatumiwa vibaya. Kibodi yenye AZERTY iliyofika kutoka Bujumbura au Kinshasa si lazima iwe "ya Ufaransa." Inakuambia aliyekusudiwa kuitumia, basi. Hata Ubelgiji wana AZERTY yao, alama zake hazilingani zote na za Ufaransa. Kiwanda kile kile, zamu ile ile, kilitoa za Uingereza asubuhi na za Wajerumani mchana, tofauti ikiwa ni vitufe tu.

Na jina "Model M" lenyewe si hirizi. Lexmark walitoa Model M zenye mpira badala ya springi, za watu wanaochukia kelele. Mwisho wa miaka ya 90 nembo ya IBM ilikuwa inakaa juu ya kibodi za mpira zilizotengenezwa na makampuni mengine kabisa. Kuna mtu ameziuza hizo kwa bei ya springi, na mnunuzi akashangaa mbona hailii. Angegeuza asome.

Halafu matengenezo. Ndani ya Model M, bamba la chuma na fremu ya plastiki vimeshikwa kwa vijiti vingi vya plastiki vilivyoyeyushwa ncha, na vijiti hivyo huvunjika kwa uzee. Unasikia vikichezacheza ukiitikisa. Za mwanzo zina kebo inayochomoka, nyingi za baadaye kebo imefungwa moja kwa moja. Nyingi za Lexmark za miaka ya 90 zina mifereji ya kumwaga chai iliyomwagika, za kabla yake hazina. Fundi anayeagiza vipuri anahitaji kujua anashika ipi kabla ya kutoa bisibisi. Bila lebo anafungua kwa kubahatisha, na plastiki ya miaka 35 haipendi kubahatishwa.

Sasemi kibodi ziachwe zinuke. Vua vitufe, vitie kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, vikaushe siku nzima. Ganda lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Lebo iguse kidogo mno, na kabla ya kuigusa ipige picha, hata kwa simu ya kupasuka kioo. Ikiwa imeanza kunyanyuka yenyewe, ibandike ilipokuwa kwa gundi ya karatasi. Rangi ya kupuliza isikaribie sehemu ya chini hata kidogo. Juu, kama huwezi kujizuia, ni shauri lako na dhamiri yako.

Na nyinyi mnaonunua ndio mnaolea haya. Mnaiona iliyopakwa rangi, mnasema "safi," mnalipa. Mnaiona ya kahawia yenye lebo kamili, mnasema "takataka," mnapita. Muuzaji si mjinga, anafuata mnapoweka pesa. Anzeni kuuliza picha ya chini kabla ya kuuliza bei. Akisema haina lebo, punguzeni nusu hapo hapo na mumwambie sababu.

Mzee wa kibandani nimemrudishia kibodi mbili zikiwa zinafanya kazi, na nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi maana ya X na A. Ameniahidi sanduku lijalo nitaliona kabla ya mtoto wake. Nimemwambia bei yangu wazi: iliyosuguliwa Sh300, na ile chafu yenye lebo yake yote, hata kama panya wamelala ndani, Sh1,500.